Babake Bibi Haombewi Leseni ya Nyoka

Chaani, Changamwe
Jumatano

Kwa Bwana Mwidani,
Afisa wa Leseni za Wanyama Watambaao.

MINTARAFU: NOTISI YAKO YA KUMCHUKUA CHATU WETU

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana ugomvi usio na salamu ni fujo, na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa, si mtu wa fujo.

Jumatatu ulifika kwetu ukamkuta chatu amejikunja stoo, juu ya magunia ya makaa. Ukasema hana leseni, na kwamba Ijumaa utamjia na gunia. Tangu hapo bibi yangu, Kafedha, hajatia chakula kinywani. Kwani yule si nyoka wa kufugwa. Ni babake mzazi, marehemu Mzee Tinga, aliyerudi kututazama. Siku alipoingia, Bibi alimnyunyizia maji mlangoni kama desturi yetu inavyotaka, akamwambia, "Karibu, Baba. Huko utokako kwema?" Hakujibu. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kujibu.

Nimeisoma fomu yako ya leseni yote. Nalalamika hivi:

1. Fomu yauliza jina la mmiliki. Ni uhuru gani huu, ambamo vitukuu humiliki wazee wao? Nilipomsomea Bibi swali hilo aliniuliza, "Kwani huyo Mwidani, babake alimnunua wapi?" Nimeliandika hapa. Labda wewe utaweza kumjibu.

2. Yataka tundu la futi nane lenye kufuli. Wakoloni walimfunga Mzee Tinga kwa kukataa kodi ya kichwa. Serikali yetu wenyewe itamfunga kwa kula panya?

3. Yataka picha mbili ndogo, masikio yote mawili yakionekana. Bwana Mwidani! Tumempiga picha kumi na moja. Masikio hayajaonekana.

4. Yataka sahihi za majirani wawili. Abdulaziz wa chumba cha pili ametia yake, akasema, "Wallahi panya wamekwisha, mwacheni mzee wa watu." Philister, muuza kuku, amekataa katakata, adai kuku wake wanne wametoweka. Nimemkumbusha kwamba mgeni huchinjiwa.

Na haya yataishia wapi? Leo mwataka leseni ya mzee aliye stoo. Kesho mtaingia makaburini na fomu, mumdai kila marehemu picha mbili! Hatukubali! Ukija na gunia lako, vijana wa Chaani tutaketi barabarani hadi Magongo, na malori yote ya mafuta yatazima injini. Nadai jina la Mzee Tinga lifutwe katika daftari la nyoka, na ofisi yako imwombe radhi, tena kwa sauti ya chini, kwani kelele hazipendi.

Wasalimie watu wa nyumbani kwako, na karani wako Gladys, aliyenipa fomu ya pili nilipoichana ya kwanza, na askari wa getini.

Ni mimi, kwa adabu na kwa mapambano,
Changawa Nzai

Baada ya sahihi: Nilikuwa natia barua katika bahasha Bibi aliponiita stoo. Mzee Tinga ametaga mayai thelathini na moja. Bibi ameyahesabu mara mbili, akajifunga leso kiunoni, akasema, "Huyu si Baba. Huyu mwanamke hata simjui, na miezi minne anakula kwangu!" Sasa ameketi anakula wali, na Philister yuko mlangoni ataka kuku wake. Tafadhali usingoje Ijumaa. Njoo leo, na gunia kubwa. Picha zote kumi na moja nimeziambatisha, zikusaidie kumtambua.