Kompyuta ya Baba na Mafuta ya Kukamulia

Jumanne, 10 Agosti 1999

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili: namwonea Vivek kijicho. Si kwa duka la baba yake mjini Kisii. Ni kompyuta. Prosesa yake inakimbia megahezi mia nne na hamsini. Yetu hapa Nyakoe, ambayo Baba huchapia programu za mazishi, mia tatu tu. Vivek aliniambia hata ya mia tatu hulazimishwa kufika huko, ukiiongezea umeme kidogo. Kisha akasema, lakini wewe Mose ni muungwana, baki na tatu zako.

Leo nimeilazimisha. Ikafika. Fahari tupu mpaka mchana, Baba alipokuwa akichapa wasifu wa marehemu mmoja. Skrini ikaganda. Marehemu akabaki darasa la tatu.

Baba hajui nilichofanya. Kasema ikiendelea hivi itaenda Marani kwa baba mdogo Ondieki, anayeitaka kwa hesabu za kisiagi chake cha mahindi. Likizo nzima bila kompyuta!

Jumatano, 11 Agosti

Nimeongeza volti. Asubuhi imetulia kama maji mtungini. Mchana jirani yetu, Mzee Makori, akawasha kisiagi chake. Taa ikafifia kama kawaida, na kompyuta ikaganda. Afadhali Baba alikuwa kwa kinyozi. Sababu ni dhahiri. Memori inaharakishwa mno. Kesho nitaipangia isubiri mapigo matatu kabla ya kujibu, badala ya mawili.

Alhamisi, 12 Agosti

Imesubiri matatu. Imeganda vilevile. Dada yangu mdogo Gesare akasema huganda kila Mzee Makori akianza kusaga. Nilimweleza kwa upole kwamba mahindi hayaingii kwenye memori. Akasema, haya, daktari.

Basi si memori. Ni joto.

Ijumaa, 13 Agosti

Vivek alipita na baba yake kuleta mabati. Nilimuuliza, eti kwa niaba ya rafiki, prosesa hupozwaje. Akasema kuna mafuta maalumu ya kupaka kati yake na bati la kupozea, yanapatikana Nairobi, ila huyo rafiki wa Nyakoe apake samli. Alicheka peke yake mpaka garini.

Samli! Nimemzidi. Nimechukua mafuta ambayo Mama hupaka chuchu za ng'ombe akikamua, nikachanganya na vumbi la jiwe la Tabaka, lile laini la kuchongea vinyago. Jiwe hilo lina ubaridi hata juani. Nilimkwangua kiboko wetu wa kuchongwa wa sebuleni, upande unaotazama ukuta.

Sasa kompyuta inapiga hesabu ngumu mfululizo mpaka kesho jioni. Nimeiwasha kabla jua halijatua, hivyo Sabato sijaivunja. Kazi ni yake, si yangu. Mzee Makori naye, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameshafunga kisiagi.

Jumamosi, 14 Agosti

Asubuhi Mama alizima skrini, akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma, akasema nayo ipumzike. Sikumwambia kwamba skrini ni uso tu. Kanisani niliketi nyuma ya Mzee Makori, nikaomba kuhusu volti.

Jua lilipotua nikafunua kitambaa. Bado inapiga hesabu! Haijakosea hata moja. Gesare akauliza kama kuna mtu aliyesikia kisiagi leo. Wivu ni jambo baya kwa mtoto.

Jumapili, 15 Agosti

Baba aliketi kumalizia wasifu. Mzee Makori akafungua. Taa ikafifia. Marehemu akaganda katikati ya harusi yake. Baba akaniita kwa majina yangu yote.

Baba mdogo Ondieki amekuja na pikapu. Kasema ataiweka kompyuta palepale kando ya mashine ya kusaga, aione akiwa kazini, na niende naye nimfundishe mpaka shule zifunguliwe. Gesare amecheka hadi akakaa chini.

Acha acheke. Marani kuna baridi kuliko huku. Mafuta hayakuwa na kosa; yalikuwa machache. Nimemwomba Mama kikopo kizima, nikamkwangua kiboko upande wa pili, nikafunga vumbi kwenye karatasi. Kisha, kabla ya kuiviringisha kompyuta ndani ya blanketi, nimeiwasha mara moja na kuongeza volti kidogo.