Mwezi wa Tano Si wa Bahari

Mitaboni, Machakos
14 Juni, 1999

Bwana Mhariri wa Ukurasa wa Safari,

Pokea salamu, maana nililelewa vizuri. Aprili gazeti lako lilitushauri kwamba wakati bora wa kuzuru pwani ni Mei, kwa sababu kuna "utulivu". Mimi ni mwalimu mstaafu, kilichochapishwa nakiamini. Nikamchukua mume wangu Ndolo, ambaye hakuwahi kuona bahari, tukaenda Diani siku nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Utulivu tuliupata. Katika hoteli nzima tulikuwa wageni wawili na paka. Mhudumu mmoja, Farhan, alitutazama kwa huruma. "Mama, nani aliwaambia mje sasa? Si mngengoja Januari?" Nikamtajia gazeti lako. Alicheka mpaka akaweka trei chini.

2. Mvua. Hapa Mitaboni tumeiomba kanisani tangu Machi. Maharagwe yamekauka yakiwa bado maua. Kumbe yote iko kule, inainyeshea bahari, kitu kisicho na upungufu wa maji! Mwandishi wako aliyeandika "manyunyu ya hapa na pale" aje nimfundishe maana ya manyunyu. Ataketi dawati la mbele.

3. Mchanga mweupe hatukuuona. Ulifunikwa na mwani, na Ndolo alichouliza tu ni kama mbuzi wanaula.

4. Hili ndilo kubwa. Kwa kuwa hakukutokeka nje, nilifungiwa chumbani na mume wangu. Bwana Mhariri, tangu tumzike mwanetu Kitheka, miaka sita sasa, Ndolo huzungumza nami habari za mbuzi na paa linalovuja, basi. Siku ya tatu, mvua ikipiga madirisha, akaanza kunisimulia jinsi alivyomfundisha Kitheka kuendesha baiskeli pale uwanja wa soko, na jinsi yeye mwenyewe alivyoanguka. Akacheka. Kisha akalia, nami nikalia, mtu niliyekwenda kuogelea. Je, mlituonya? Hata mstari mmoja!

Nadai uombe radhi katika ukurasa wa kwanza, na uwatangazie Wakenya kwamba Mei ni mwezi wa kukaa nyumbani.

Wasalimie wote ofisini, hata yule wa manyunyu.

Wako asiyeridhika kabisa,
Mwl. (Mstaafu) Ndunge Ndolo

Tanbihi: Radhi acha tu. Lakini hilo la kukaa nyumbani Mei lichape kwa herufi kubwa. Jana Ndolo aliandika barua kuomba chumba kilekile mwakani, na hatutaki watu wajae.