Kitabu cha Dada Kilichokataa Kusema

Jumatatu, 4 Machi

Wote wanaikosea hadithi hii. Mtoni nilikuwepo mimi mwenyewe, lakini kila mtu wa ukoo huu ana hadithi yake ya mto, na zote uongo mtupu. Eti dada ndiye aliyenibeba! Mimi! Nilikuwa na miaka mitano, sawa. Yeye kumi na miwili, sawa. Lakini nilikuwa na mabega.

Mwenye kueneza uzushi huo ni shemeji, mume wa marehemu mdogo wetu. Mwalimu mstaafu. Namwita Kalamu Nyekundu, hata mbele ya uso wake. Tunaandika pamoja kitabu cha familia, kurasa ishirini na nne, yeye kwake, mimi kwangu, faili moja kwenye mtandao. Naandika "nilimbeba dada". Nanyanyuka kuchemsha chai. Narudi: "dada alinibeba". Narudisha. Naenda msalani mara moja tu, kashageuza! Tumeshinda hivyo kutwa nzima kama watu wanaovutana blanketi.

Kitabu ni cha dada. Macho yake yamekwisha. Jumapili anahamia kwa binti yake, mbali, na sidhani kama ataiona tena nyumba ile. Hakuomba sherehe wala zawadi. Kaomba kitabu kiwe tayari Jumamosi, simu yake imsomee kwa sauti mbele ya wajukuu, hasa ukurasa wa mto. Maana pale ndipo alipoumia mguu. Wajukuu wanajua alizaliwa anachechemea.

Nani aliwaambia hivyo? Hata sikumbuki.

Jumanne, 5 Machi

Dawa ya Kalamu Nyekundu nimeipata! Kwenye programu ya kuandikia kuna kitufe kinaitwa Hamisha. Ukikibonyeza, maandishi yanatoka humo yakiwa faili kamili, tayari kwenda kwa mchapaji au kwenye simu ya mtu. Shemeji anakiogopa. Kasema visanduku ni vingi mno, tumsubiri mpwa wetu, mtoto wa dada. Nikamwambia shemeji wangu, mji huu mabango yake nimechora mimi, miaka arobaini. Darasani sikukaa hata siku moja, herufi nilizijulia kwenye brashi, lakini kila kinyozi, kila bucha, kila "Hatari, Umeme" unayoiona ni mkono huu. Leo vinishinde visanduku?

Ukubwa wa ukurasa: orodha ndefu. Nikachagua wa mwisho kabisa, maana mkubwa ni mkubwa. Ubora: mia kwa mia. Pambizo: sifuri, kwani fundi wa kweli hapotezi ubao. Nikamtumia mchapaji.

Kapiga simu kabla chai haijapoa. Eti samahani mzee, hiki ni kitabu au unataka kufunika basi? Ukurasa mmoja unaziba mlango pamoja na fremu yake!

Nimemwambia nilikuwa nampima tu kama yuko makini.

Jumatano, 6 Machi

Nimepunguza ukurasa. Nikahamisha upya, nikampelekea Kalamu Nyekundu nakala ili roho imuume. Kosa! Faili lilifunguka kwake kama mlango wa hoteli. Akaingia, akasahihisha mto, akanirudishia na salamu: "Kazi nzuri, shemeji. Nimerekebisha kidogo."

Kidogo!

Nikarudi kwenye visanduku. Nimekaa hapo mpaka mgongo umeniuma. Cha saba kutoka juu: "Geuza maandishi yawe picha". Chini yake maelezo marefu kwa herufi za kisisimizi. Sikuyasoma. Mtu wa mabango hasomi herufi ndogo.

Lakini nikafikiri. Picha huwezi kuisahihisha. Na herufi ni nini kama si picha? Maisha yangu yote nimechora A kama mtu anavyochora paa la nyumba. Nikaweka tiki. Nikahamisha. Nikamtumia.

Kanipigia baada ya muda. Anahema. Kabonyeza kila mahali, hakuna neno linaloshikika, kama kukwangua ukuta kwa kucha. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kaniuliza, kwa sauti ile ya kialimu, kama nimelijaribu kwenye simu ya dada. Nikamwambia linafunguka vizuri, jalada linang'aa. Kasema kufunguka si kusoma. Nikamwambia ndiyo mwalimu, na nikakata.

Alhamisi, 7 Machi

Faili limefika kwa dada. Kanipigia mwenyewe. Kauliza ukurasa wa mto upo. Upo, dada. Kauliza, uko kama ilivyokuwa? Nikamjibu umependeza sana.

Halafu akasema ahsante, mdogo wangu.

Hilo "ahsante" halijanitoka sikioni.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Sebule yake ilishakuwa nusu tupu, maboksi yamepangwa ukutani, mapazia yameshushwa. Wajukuu kumi na mmoja wamekaa sakafuni. Dada kwenye kiti chake, nguo ya kutokea, nywele zimesukwa upya. Simu kaiweka magotini kwa mikono miwili kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Mimi nimesimama nyuma yake, kifua mbele, maana jina la kwanza kwenye jalada ni langu.

Mpwa akabonyeza. Yule mwanamke wa ndani ya simu akasema: "Ukurasa wa kwanza. Picha."

Tukangoja.

"Ukurasa wa pili. Picha. Ukurasa wa tatu. Picha."

Wajukuu wadogo walidhani ni mchezo, wakaanza kuitikia naye. Picha! Mpwa akazima, akawasha, akaongeza sauti. Ikawa picha kubwa zaidi. Ukurasa wa kumi na tatu, ule wa mto: picha. Dada kainamisha kichwa, sikio karibu kabisa na simu, kama anayemsikiliza mtu anayenong'ona. Akasikiliza zote ishirini na nne. Zote!

Nikamgeukia Kalamu Nyekundu. Alitazama viatu vyake. Bora angenitukana.

Mpwa kaniuliza, mjomba, ulibonyeza nini? Nikasema mtandao.

Basi dada akasema kwa upole, mdogo wangu si unajua kusoma, nisomee wewe hapo penye mto. Nikaipokea simu. Herufi zinacheza. Nikasoma polepole jinsi ninavyojua. Mvua, mto kujaa, sisi tunatoka kusaga unga, mimi miaka mitano, yeye kumi na miwili. Nikafika: "Nilimbeba dada mgongoni." Ningeweza kusoma kinyume chake. Nani angejua? Anayeona maandishi ni mimi peke yangu! Lakini mdomo ulifuata yaliyoandikwa, kama punda aliyezoea njia.

Dada akasema nirudie hapo. Nikarudia. Akauliza, "Na mguu?" Nikasoma: "Dada aliteleza akicheza kwenye mawe."

Mjukuu mmoja akahesabu kwa vidole, akauliza kwa sauti, babu, mtoto wa miaka mitano alimbebaje bibi?

Hapo dada akacheka. Akasema jamani mwacheni mzee, leteni chakula.

Jumapili, 10 Machi

Gari limeondoka saa tatu. Alinipa mkono kupitia dirishani. Alinikosa kidogo, akashika kola ya shati, akainyoosha, akaniachia.

Kwa kuwa hapa hasomi mtu, acha niseme. Alinibeba. Maji yalimfika kifuani, mimi nilikuwa juu kama mfalme. Mguu uliingia kati ya mawe, ukalia. Niliusikia ukilia. Hakuniachia. Alinikaza mapaja yote mawili mpaka ng'ambo, na mimi nikalia kwamba ananifinya. Nyumbani baba alipouliza, nilisema alikuwa anacheza. Niliogopa fimbo. Yeye alinitazama tu, hakusema kitu, na hajasema kwa miaka sitini na sita.

Jioni nimempigia Kalamu Nyekundu. Nimemwambia aandike ilivyokuwa. Hakunisimanga. Kaandika yote, kaniambia kuhamisha nihamishe mimi, kwa kuwa aliyeharibu ni mimi. Masharti matatu: toa tiki ya picha, tuma, usiguse kingine.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetoa tiki ya picha. Nimejaribu kwenye simu yangu: inasoma! "Dada alinibeba." Nimesikiliza mara nne. Nimefuta macho.

Ila ukurasa ulikuwa na nafasi chini. Mstari mmoja tu, nani utamdhuru? Nimeongeza: "Mimi, kutoka mgongoni, nilikuwa namwonyesha njia." Ni kweli, kidole nilikuwa nacho. Na ili Kalamu Nyekundu asiufute, nimeweka tiki kwenye kisanduku kimoja kidogo: "Linda kwa neno la siri". Nikaweka neno ambalo hakuna binadamu angeliotea. Nikatuma.

Mchana mpwa kapiga kutoka huko alikomsindikiza dada. Mjomba, simu inadai neno la siri. Nalo lilishanitoka kichwani. Nikamwambia andika jina la mama yako. Hapana. Jina la mto. Hapana. Tumejaribu kumi na moja. Nilikuwa namsikia dada pembeni, anapumua, anasubiri. Nikamwambia mpwa, mwambie kesho. Nitahamisha upya, safi kabisa. Kuna kisanduku kingine kule chini sijakijaribu bado.

Halafu kitu kimoja. Niliyoandika humu ni kweli tupu, naapa, isipokuwa pale Jumamosi nilipoandika kwamba dada alicheka. Hakucheka. Alipapasa fimbo yake, akaingia chumbani, na chakula tulikula bila yeye.