Harusi ya Fortunata Ndani ya Friza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Laptopu imeanza kugonga. Tak, tak, tak, kama mtu anavunja karanga ndani. Nimeipiga kofi kidogo. Ikanyamaza, halafu ikarudia kwa hasira. Vumbi la malori haya ya Tunduma! Si kosa langu.

Folda ya harusi ya Fortunata inafunguka nusu, inaganda. Harusi yote imo humo na hakuna kwingine. Kadi za kamera nilizifuta ili nikarekodi kipaimara cha Isongole. Kadi ni za kurekodia, si za kutunzia. Ndivyo ninavyofanya kazi tangu nifungue studio.

Jumamosi wanavunja kamati ya harusi kule Mlowo, nyumbani kwa baba wa bibi harusi, Mzee Osea. Watakula, watasomewa mapato na matumizi, halafu video yangu ukutani. Mzee mwenyewe harusi hakuiona. Siku ile alikuwa amelazwa Mbeya, na binti akasindikizwa na baba yake mdogo. Leo Mzee kanipigia. Kauliza kama mtoto alilia wakati wa pambio la kuaga wazazi. Nikamwambia alilia sana, Mzee wangu, mpaka shela ikalowa. Ukweli ni kwamba sijui. Pambio lilipoanza niliiacha kamera kwenye stendi, nikaenda kuangalia ndafu, yule mbuzi wa kuchoma mzima, imefikia wapi.

Jumanne, 5 Agosti

Jastin kaja. Huyu ni yule mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, mwenye taa za rangi na kiburi. Kasikia ule mlio wa kugonga hata kabla hajaketi. Kasema hiyo ni diski inakufa, nizime sasa hivi, nisiiwashe tena, nimpe aitoe anihamishie kazi zangu.

Thubutu! Nimpe Jastin harusi yangu, kesho Tunduma nzima ijue? Nikamwambia huo ni mlio wa programu mpya. Kasema haya, ndugu yangu Ezron, ukikwama unajua nilipo. Nimechukia ile "ukikwama".

Nimesoma mtandaoni kwamba diski mbovu inapona kwa baridi. Nikaifunga laptopu nzima kwenye mfuko wa nailoni, nikaipeleka kwa dada Shamimu anayeuza samaki wa kugandisha. Kauliza kama niko timamu. Nikamjibu ni mambo ya kitaalamu. Kaiweka ndani ya friza, chini ya migebuka, na kuniapia kwamba samaki wake wakiharibika nitawala wote mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Imepona! Imewaka bila kugonga! Folda imefunguka! Nimepiga kigelegele, mwanaume mzima. Inanuka samaki, lakini kila dawa ina lake.

Kunakili kungechukua muda. Nikaona nianze na la muhimu, jina langu kwa herufi za dhahabu na maua yanayodondoka. Maua yalikuwa yanapendeza kweli. Nikiwa kwenye herufi ya mwisho, ikazima. Haiwaki tena. Imetoa na maji kidogo.

Mzee Osea kapiga tena. Kauliza kama binti alikiangalia kiti chake kilichoachwa wazi pale meza ya wazazi. Nikasema alikiangalia, tena mara nyingi tu. Halafu kasema asante, mwanangu.

Sijapenda ile asante.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya. Nimeandika kwenye kundi la WhatsApp la kamati kwamba kila mwenye video ya harusi anitumie, nataka kuongezea vionjo. Zimemiminika! Ndafu kwa mbele. Ndafu kwa nyuma. Mama mmoja kajirekodi viatu kuanzia kanisani hadi ukumbini. Mshereheshaji kajituma yeye tu, kila pembe. Fortunata nimempata mara moja, kisogo.

Basi nikaenda kwake mwenyewe. Anakaa na mumewe hapa hapa, karibu na mpaka. Nikamwomba avae gauni tupige vipande vya nyongeza, na kama hatojali, alie kidogo. Kasema gauni lilikuwa la kukodi, limesharudi. Halafu kaniuliza taratibu, kaka Ezron, video ipo? Nikasema ipo, dada, itakosaje kuwepo.

Kaniambia baba yake tangu atoke hospitali anamuuliza kila mtu harusi ilikuwaje. Kila mtu anamsimulia yake, mwingine kamwambia mvua ilinyesha. Sasa anangoja Jumamosi aone kwa macho yake. Kaagiza hadi koti lipigwe pasi.

Nimerudi nyumbani. Naona aibu, nasema kweli.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimekwenda kwa Jastin, kupitia mlango wa nyuma, kofia machoni. Hakunicheka. Bora angecheka!

Kauliza kama niliiweka mahali pa baridi. Nikasema hapana. Kainusa laptopu. Kaniangalia. Kainusa tena. Kaenda kumfukuza paka mlangoni. Kaikausha diski kwa upole, kaiunganisha na mashine yake, kakaa nayo kutwa nzima na sikukuu yake ikamwishia hapo.

Jioni kaipata harusi! Karibu yote. Aliyepotea ni mshereheshaji, na sijalia. Jastin kaiweka kwenye diski yake ya nje, kaniazima. Kasema nakala nyingine atanitunzia, kazi ya mtu haikai mahali pamoja.

Ahaa! Anitunzie, au ajifunze mitindo yangu? Nikamwambia aifute mbele ya macho yangu. Kauliza mara mbili kama nina hakika. Kafuta. Sikubanduka mpaka nilipoona imekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

Mlowo. Mzee Osea kakaa mbele kabisa, koti limenyooka, blanketi miguuni. Kakonda. Mapato na matumizi hakuna aliyeyasikiliza.

Pambio la kuaga likaanza. Kamera iko peke yake kwenye stendi, haitikisiki, mimi sipo. Fortunata akapita mbele ya wazee wote, akaja kwenye kile kiti kitupu, akapiga magoti. Akakisalimia. Akaweka mikono miwili pale ambapo yangekuwa magoti ya baba yake, akakaa hivyo mpaka pambio likaisha. Hakutoa chozi hata moja. Akainuka, akaenda.

Mzee kasema, hakulia. Kisha kanigeukia, kasema rudisha nyuma, baba. Nikarudisha. Kasema tena. Nikarudisha. Safari hiyo analia yeye, na Fortunata kaja kapiga magoti mbele yake, mikono kwenye magoti yenyewe. Nami nilikuwa nalia nyuma ya projekta, sijui kwa nini. Kamati ilisahau kuvunjwa.

Mzee kaomba nimwachie nakala usiku uleule. Fortunata naye kaomba. Nikakataa kwa heshima. Haijakamilika, haina jina langu wala maua.

Jumapili, 10 Agosti

Siku njema! Nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, nimepata laptopu nyingine. Nikamsalimia muuzaji kwa lugha ya kwao, mulishani, bei ikashuka palepale. Kasema haina tatizo lolote, ila nisiizime, maana ikizimwa kuna siku haiamki. Sasa mimi niizime ya nini?

Jastin kaitaka diski yake. Nimeihamishia harusi kwenye laptopu mpya, nikaisafisha diski nikamrudishia, asipate cha kuiba. Nilifikiria kuweka na kwenye flashi. Lakini flashi imejaa filamu zangu, nami sijazimaliza.

Maua yameanza kudondoka vizuri. Nimeongeza na njiwa.

Mzee Osea kapiga. Kaomba nimtunzie, kasema anataka kuitazama kila siku mpaka Mungu atakapomchukua. Nimemtuliza. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata chembe, Mzee wangu, iko mahali pamoja tu, haiwezi kupotea.