Feni Nne na Shingo ya Mama

Budimir Cekić,
Ghorofa ya tatu, jengo la nyuma ya soko la mboga,
Niš, Serbia.
8 Desemba

Mkurugenzi wa Matoleo Mapya,
Kampuni Inayotengeneza Mfumo Endeshi wa Kompyuta (jina mnalijua wenyewe),
California.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KOMPYUTA YANGU KUKATALIWA NA TOLEO LENU JIPYA, PAMOJA NA MADHARA YALIYOIPATA SHINGO YA MAMA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku tu wazima isipokuwa kompyuta na mama, na hao nitawaeleza kwa utaratibu. Nilikuwa fundi sauti wa redio kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo kuandika barua rasmi najua, na kungoja jibu najua zaidi.

Ili tusianze kwa kufichana, nakiri kwamba kompyuta yangu hamkuitengeneza ninyi. Aliiunda kum wangu Vitomir, fundi wa mashine za kufulia. Kum ndiye aliyesimamia ndoa yangu, na kwetu kum hakataliwi neno. Sanduku lake alilikata kutoka kwenye bati la mashine ya kufulia, akaweka feni nne, mojawapo ikiwa imetoka kwenye friji la duka la nyama, kisha akausakinisha mfumo wenu, kwa sababu programu yangu ya kurekodi sauti haikubali mfumo mwingine. Vijana wanaiita hakintoshi, yaani kompyuta ya kuundwa nyumbani inayoendeshwa na mfumo wenu. Kuna kiprogramu kidogo ndani yake ambacho kila asubuhi huuambia mfumo wenu kwamba umo ndani ya mashine halali ya kampuni. Ni uongo wa adabu, kama ule wa kumwambia mwenyeji umeshiba ili asikuongeze sahani ya nne. Mfumo wenu uliupokea uongo huo kwa miaka tisa bila kinyongo.

Sasa sikiliza kilichomo ndani ya hiyo kompyuta, maana bila hicho nisingekusumbua. Mama yangu Desanka ana mdogo wake, mama mdogo Natalija, anayeishi Vienna. Hawajasemezana kwa miaka kumi na tisa. Mara ya mwisho mama mdogo alikuja hapa mwezi wa Julai, joto limepamba moto, akafungua dirisha la jikoni na mlango wa roshani kwa wakati mmoja. Wewe mtu mzima unaelewa maana yake: upepo ukaingia huku ukatokea kule, na mama alikuwa amekaa katikati. Asubuhi shingo ilikuwa imekaza kama ubao, ikabaki hivyo siku tisa. Mama mdogo badala ya kuomba radhi akasema, "Hakuna kitu kinaitwa upepo wa kupita. Ni hadithi za vikongwe. Umelalia mto vibaya." Mama akamjibu, "Basi rudi kwenye madirisha yako ya Vienna." Akarudi.

Oktoba hii, tukimenya pilipili za kuchoma kwa ajili ya ajvar, rojo letu la pilipili la majira ya baridi, mama alianza kuimba wimbo ambao bibi aliwafundisha wote wawili, bila kuombwa na mtu. Nilimsihi aniruhusu nimrekodi, nimtumie mama mdogo ambaye Jumapili hii anatimiza miaka sabini. Alikubali kwa sharti moja. "Wimbo tu," alisema. "Neno la samahani usiniingizie." Nikaongeza akodioni yangu kwa chini chini. Ndugu Mkurugenzi, mimi nimerekodi kwaya na mawaziri, lakini sijawahi kuwa na kitu kizuri kama kile. Kimo kwenye kompyuta ile na hakipo pengine popote. Ndiyo, najua, nilitakiwa niwe na nakala. Hilo tuliache.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlinichokoza. Tangu Septemba mliniwekea alama nyekundu pembeni mwa skrini kunijulisha kwamba toleo jipya liko tayari, na kila siku nilibonyeza "Baadaye". Jumanne iliyopita kum Vitomir alikuwa anakunywa kahawa kwangu akaiona. "Budo, bonyeza bwana," akasema. "Watu wamekuomba kistaarabu mwezi wa tatu huu, wewe unajifanya nani?" Nikabonyeza. Neno la kum halirudishwi, kwa hiyo kisheria aliyebonyeza ni mila zetu, na mila zetu mlipaswa kuzichunguza kabla.

2. Toleo lenu jipya lina dharau. La zamani liliingia nyumbani kwangu, likaambiwa liko kwao, likakaa. Hili la sasa linauliza maswali. Linataka kujua kadi ya picha imetoka wapi, bodi ni ya nani, namba ya mashine ilitolewa lini. Hata mkwe wangu hakunihoji hivyo nilipokwenda kuposa.

3. Mkataba wenu unasema mfumo usakinishwe tu kwenye mashine yenye nembo ya kampuni. Mashine yangu inayo. Shemeji yangu aliponunua simu yenu alipewa stika mbili, moja akaibandika kwenye gari na nyingine akanipa mimi, nami nimeibandika upande wa kulia, imenyooka. Sioni mtakachojibu hapo.

4. Upepo. Toleo jipya lilipoanza kujisakinisha, kiprogramu kingine, kile kinachozituliza feni, kililala, na feni zote nne zikaanza kuvuma kwa nguvu zake zote, ile ya duka la nyama ikiongoza. Kompyuta iko sebuleni, na kiti cha mama kiko mita moja na nusu kutoka hapo tangu mwaka nilipozaliwa. Alivaa sweta. Akaongeza fulana ya sufi, kisha kilemba. Akaifunika mashine kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kitambaa kikapaa hadi kwenye taa. "Hiyo mashine yako itanimaliza figo kwa upepo," akaniambia, na mimi nikamjibu kwa upole kwamba zimebaki dakika arobaini tu. Jibu hilo linaniumiza mpaka leo, maana kesho yake shingo ilianza kumkaza.

5. Dakika kumi na mbili za mwisho. Skrini ilipoandika kwamba zimebaki dakika kumi na mbili, nilishuka dukani kununua mkate. Niliporudi mashine ilikuwa imezimika. Mama alikuwa anafuma, akasema hakuona chochote. Nilipoiwasha ikaleta rangi ya kijivu, ikajizima, ikajiwasha, ikaleta kijivu tena, na feni zikavuma kuliko mwanzo. Imekuwa hivyo wiki nzima. Haizungumzi, haifunguki, inavuma tu, na sauti ya mama imo ndani. Nasema wazi kwamba jambo hili limenihuzunisha. Jumapili haiko mbali, na mama hataimba mara ya pili. Nimemwomba. Alisema wimbo ule ulimtoka na hauwezi kuitwa kama paka.

6. Udugu. Mfumo wenu umekaa nyumbani kwangu miaka tisa. Umeshuhudia talaka ya dada yangu na sikukuu tisa za Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu. Kwa hesabu za hapa kwetu huyo si mgeni tena. Hamuwezi kuamka siku moja mkamwambia mtoto kwamba nyumba aliyokulia haimfai kwa kuwa imejengwa na fundi wa mashine za kufulia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: mtoe toleo dogo la pekee kwa ajili ya kompyuta yangu kabla ya Jumapili, mwandike barua fupi ya kumtuliza mama kuhusu figo, na kampuni yenu ikubali kuwa kum wa mashine hii, ili siku nyingine isiulizwe imetoka wapi. Mkikubali, tumeni mjumbe tarehe 19, siku ya Mtakatifu Nikola. Ni kipindi cha mfungo, hivyo kutakuwa na samaki, maharage ya kuoka na rakija, pombe yetu kali, ya plamu za miti ya kum. Mjumbe atakaa kwenye kiti cha heshima, karibu na mashine.

Nisalimie mafundi wako wote, hasa yule aliyebuni alama nyekundu. Kum Vitomir anakusalimu. Mama hajasema kitu, lakini naamini angekusalimu kama shingo ingemruhusu.

Wako mtiifu katika usumbufu,

Budimir Cekić

Nyongeza baada ya sahihi: Bahasha nilikuwa nimeshailamba, imenibidi niichane.

Leo asubuhi nilikuwa jikoni nikasikia mama akizungumza sebuleni. Alikuwa amepiga simu Vienna. Namba aliikariri, kumbe, miaka yote kumi na tisa. Simu ya mezani iko pale pale karibu na mashine, na kwa kuwa masikio yake yamechoka huweka sauti kubwa, nami nikasikia kila kitu nikiwa mlangoni na taulo mkononi. Hakumwambia "hujambo". Aliimba tu. Aliimba beti mbili, feni nne zikivuma nyuma yake, bila akodioni, na alikosea mahali pamoja.

Mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Desanka, ni nini hicho kinavuma hapo?"

"Kompyuta ya Budimir," mama akasema. "Nilichomoa waya Jumanne alipokwenda dukani, ikazima, ikarudi na hasira zaidi."

"Na wewe umekaa hapo hapo?"

"Niko kitini kwangu."

"Dada, toka hapo kwenye upepo. Shingo itakukaza tena."

Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Haya, natoka," akasema, na hakutoka. Aliponiona mlangoni machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kilemba. "Umesikia mwenyewe, Budo," akaniambia. "Amesema upepo."

Kwa hiyo nafuta lalamiko namba moja hadi namba sita. Kum Vitomir amekuja na dawa ya mashine kwenye flashi, anasema ni kazi ya nusu saa, lakini mama amesimama mbele yake na haruhusu mtu aiguse mpaka tarehe 19, kwa sababu mama mdogo Natalija anakuja kwa sikukuu. Mjumbe wenu bado anakaribishwa, ila aje na sweta. Kile kiti cha karibu na mashine, nasikitika, kimepata mwenyewe kutoka Vienna.