Ombi la Kuahirisha Harusi Mpaka Honi Inyamaze

Ndugu Mshenga,

Amani ya Mungu iwe nawe na wote wa nyumbani kwako. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa gari.

Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe uliyeleta posa sebuleni kwangu, ukakalia kile kiti chenye mguu mbovu bila kulalamika, ukanihakikishia kwamba kijana wenu ni fundi umeme wa magari asiye na mfano. Nilikuamini. Nikamkubalia amwoe binti yangu, na juu ya hayo nikamkabidhi gari la marehemu baba, afumue waya zote kuukuu aweke mpya, ili siku ya harusi binti apelekwe na gari la babu yake. Siku ya nne alilirudisha kila taa ikiwaka, sikatai. Lakini baada ya wiki moja mambo yakageuka, na sasa naomba kwa heshima zote harusi iahirishwe mwaka mzima. Sababu zangu ni hizi:

1. Nikiwasha indiketa ya kushoto, waipa zinapangusa kioo kikavu. Nikiwasha ya kulia, taa kubwa zinafifia kama muumini anayesinzia kwenye mahubiri. Nimebadilisha fyuzi, nimebadilisha balbu, nimeliombea. Wapi.

2. Nikikanyaga breki, honi inalia. Juzi tulikuwa kwenye msafara wa mazishi, na msafara wa namna hiyo, kama ujuavyo, ni kwenda na kusimama, kwenda na kusimama. Marehemu nilimpigia honi kutoka kwake hadi makaburini. Jirani yangu, mwalimu mstaafu asiyeacha jambo lipite, ameshatangaza kwamba gari langu siku hizi linatoa ushuhuda.

3. Redio inazungumza gari likirudi nyuma tu. Mke wangu anapenda taarifa ya habari, lakini tunaishia kwenye vichwa vyake, maana ua wetu ni mfupi.

4. Kijana ana israfu, na hili nalisema kwa uchungu wa mzazi. Niliona ameweka waya mweusi mnene, urefu wa mkono, usioenda kwenye taa wala honi wala redio. Ncha moja kwenye injini, ya pili kwenye bodi ya gari, basi. Tena ili aukaze, alikwangua rangi yangu mpya! Nikaufungua, nikapaka rangi palipokwanguliwa, na waya wenyewe nikafungia mlango wa banda la kuku. Tangu siku hiyo hajatoka hata kifaranga. Katika waya zote alizoweka kijana wenu, ni huo tu unaofanya kazi.

5. Hili ndilo lililonikata maini. Nilipomwita aje aone, aliinama kwenye injini, kisha akaniuliza taratibu, "Baba, kuna kitu chochote ulichokigusa?" Mimi! Ninayefungua milango ya nyumba ya ibada kila alfajiri! Nikamjibu sijagusa kitu. Akasema sawa Baba, atakuja Jumamosi na kipimo chake, akaaga.

Sasa tafakari, Mshenga. Anayemshuku mkwe kabla ya ndoa, baada ya ndoa atamshuku nani? Kila chumvi ikizidi binti yangu ataulizwa amegusa nini. Na aliyeunganisha breki na honi atashindwaje kuunganisha mlango na jiko? Nawaona wajukuu zangu katika nyumba hiyo, wakicheka wakichapwa na kulia wakibembelezwa. Siwezi kuuendea uzee na picha hiyo kichwani.

Naomba basi afumue waya zote, aanze upya mbele ya wazee wawili wa upande wangu, nami nitasimama pale niangalie kila waya aendako nao.

Nisalimie mkeo, watoto, na mama mkubwa anayeumwa magoti. Kijana naye msalimie, ila kwa ubaridi.

Ni mimi, mwenye uchungu lakini bila kinyongo,
Baba wa Bibi Harusi

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha. Binti ametoka bandani na ule waya mweusi mkononi, kuku wakimfuata. Amekwangua rangi yangu kwa kisu cha jikoni, akaukaza palepale ulipokuwa, akaniambia nikanyage breki. Kimya. Nikawasha indiketa zote mbili, waipa zimelala. Anasema umeme ukimaliza kazi hurudi kwenye betri kupitia waya ule, na ukinyimwa njia hujipenyeza popote, hata kwenye honi. Nikauliza mbona mchumba wake hakusema.

"Aliona mara moja kwamba haupo," akanijibu. "Ila ulishamwambia hujagusa. Akaona afadhali aitwe fundi mbovu kuliko akuite mwongo."

Nilitaka kuichana barua hii. Mke wangu amekataa, anasema iende kama ilivyo, iwe ndiyo toba yangu. Basi futa namba zote tano, na harusi ibaki siku ileile, au hata iwahishwe. Kijana aje Jumamosi kama alivyoahidi, ila kipimo akiache. Gari ni zima. Mlango wa banda ndio umebaki bila waya, na kuku wawili wameshaingia garini na kukalia kiti cha bibi harusi.