Miguu Juu Kiteremkoni

Jumanne, 4 Machi

Meneja amegoma kulala tena. Meneja ni binti yangu: meno mawili, amri hazihesabiki. Kitandani analia. Mgongoni, ndani ya nyumba, analia. Mgongoni, nje, gizani, huku natembea: kimya kama maji ya mtungini. Basi kila jioni nikishaosha vyombo nazunguka mtaa kama mlinzi asiye na mshahara. Mume wangu yuko zamu ya usiku kiwandani. Mama mkwe hujifungia chumbani mapema, anasema magoti yanamsumbua.

Namshukuru Mungu kwa mama mkwe huyu. Wenzangu wakinisimulia ya kwao, nywele zinasimama. Wangu humwogesha mtoto asubuhi ili mimi nipate usingizi wa kuibia.

Leo nimepata wazo! Bwana Picha, mwenye studio ya pale kona, amebandika tangazo. Mashindano: "Mtaa Wetu Usiku". Picha ya mshindi itakaa dirishani mwezi mzima, na jina lake chini. Jina! Tangu nijifungue nimekuwa Mama Meneja tu. Hata mwenye duka la dawa huniita hivyo, na cheti cha dawa anacho mkononi. Nitashinda. Usiku natembea hata hivyo. Na nani atamshuku mwanamke mwenye mtoto mgongoni?

Wifi yangu naye anashindana. Ana kamera ya kweli, ya kuning'iniza shingoni. Akaniuliza mimi nitapigia nini, mwiko?

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya kwanza: simu ndani ya soksi, nimetoboa tundu kamera ichungulie. Bwana Picha husema picha yenye uhai ni ya mtu asiyejua kuwa anapigwa. Basi asijue.

Matokeo: dole gumba langu. Dole gumba langu tena. Manyoya ya soksi, kama kondoo aliyekusogelea mno. Sikio la mtu, sijui nani.

Mbinu ya pili: bila soksi. Kituo cha basi, kijana na msichana kwenye benchi, wamenuniana, mfuko wa machungwa umekaa katikati yao kama hakimu. Tamu sana! Nikabonyeza. Nilisahau kuzima taa ya simu. Ikawaka mwaa! Kituo kizima kikawa mchana. Kijana akasimama, akataka kujua nampiga picha kwa ruhusa ya nani. Nikasema nampiga mwanangu.

Mwanangu alikuwa mgongoni.

Akaniomba niifute mbele ya macho yake. Nikafuta. Msichana akasema taratibu kwamba kwao hawajui kama yuko pale. Nikaona haya. Kidogo, maana picha ilikuwa nzuri. Lakini nashukuru: hawakunifokea, na nilipogeuka kuondoka yule kijana akaniita, dada, mbeleko imelegea, funga vizuri mtoto asianguke. Watu wana utu hata ukiwakosea.

Alhamisi, 6 Machi

NIMEPATA!

Nyuma ya ghala la saruji kuna kiteremko, na taa moja ya barabarani inayokohoa. Nilijibanza nyuma ya lori bovu nimfunge Meneja upya. Mara, huyo! Mwanamke juu ya baiskeli, anashuka mzimamzima. Miguu yote miwili hewani. Pedali zinajizungukia zenyewe. Mtandio umepaa nyuma, mdomo wazi kama mlango wa sokoni. Na nyuma yake fundi baiskeli anakimbia, mikono mbele, kama mtu anayefukuza kuku wa mgeni.

Nikabonyeza. Taa nimezima, si mjinga. Wakapotelea gizani. Kishindo. Halafu kicheko cha yule mwanamke, kirefu, cha msichana aliyetoroka kazi za nyumbani. Kicheko kile sijawahi kukisikia mtaani kwetu.

Kwenye simu uso wake ni mdogo kama punje ya mchele. Haidhuru. Hanijui, simjui. Nilirudi nyumbani nikitembea juu ya vidole. Chumba cha Mama kimefungwa, kimya. Maskini, magoti yake.

Ijumaa, 7 Machi

Bwana Picha aliitazama mpaka nikadhani amesinzia. Akasema picha hii inapumua. Kisha akavua miwani akaniuliza kama mwenyewe anajua. Nikajifanya sijasikia. Akarudia: uso wa mtu ni mali yake, na studioni kwake hapandi mtu dirishani bila mwenyewe kuridhia. Wifi yangu amekwisha kurudishiwa picha tatu kwa sababu hiyo, amebaki na ya paka.

Nikamjibu bila kupepesa: yule ni ndugu yangu, tunakula chungu kimoja, ameridhia, tena anakusalimu sana.

Ulimi huu! Ungekuwa mguu ungeshinda mbio.

Akaamini. Kesho asubuhi anatundika zote zilizofuzu, Jumapili anatangaza mshindi. Yangu ataikuza iwe kama mlango wa kabati.

Nyumbani mume wangu anauliza kwa nini raba zake zina tope na yeye kazini huvaa buti. Nikamwambia amuulize binti yake. Mama akakohoa, akaenda kuangalia chungu. Chungu hakikuwa jikoni. Anavyojali nyumba, mama wa watu!

Jumamosi, 8 Machi

Ole wangu.

Nilitembea polepole, furaha isiishe njiani. Watu wamejaa mbele ya dirisha, wanacheka vizuri, wanaelekezana kwa vidole. Nikapenya. Picha kubwa kweli kama mlango wa kabati. Na kwa ukubwa huo, ndipo nikaona. Raba za mume wangu, kamba moja ya njano, niliyoitia kwa mkono wangu. Mtandio niliompa Mama siku aliyonitoa hospitali na Meneja. Mdomo wazi, pengo upande wa kushoto.

Mama mkwe!

Ndugu yangu. Tunakula chungu kimoja. Nilitunga uongo, ukanigeukia ukawa kweli.

Sasa nieleze kwa nini nilitaka kuzimia. Magoti ya Mama yalivimba mwaka jana, daktari akasema apumzike. Tangu hapo wifi na mume wangu wanamlinda kama yai. Wifi ameshaapa: akisikia Mama amepanda hata kigoda, anampeleka kwa kaka yao mkubwa, huko mbali, akakae mkekani chini ya ulinzi wa mke wa kaka. Na mke huyo namjua. Hata jua humpimia mtu. Wifi akiona picha hii, Mama hana baiskeli tena, na sisi hatuna Mama tena. Na nani atamwogesha Meneja? Nakiri, nilimwaza Meneja kwanza. Ndipo nikajionea aibu nikamwaza Mama.

Bwana Picha ametundika, amefunga, ameenda kupiga harusi. Kufuli kama kichwa cha mtoto.

Mbinu: nikasimama mbele ya kioo, Meneja mgongoni, mwavuli wazi. Mvua hakuna. Jua hakuna. Wapita njia wakanipisha kama mgonjwa. Akaja wifi! Akauliza mwavuli wa nini. Nikasema jua. Akaangalia mawingu. Akauliza kama nimetumwa nimzibie paka wake, maana wivu mwingine unatembea na mwavuli. Hapo nikaona mlango. Nikamshika mkono, nikamsogeza hadi kwa paka, nikamsifu paka. Masharubu yake. Mkia. Jinsi alivyokaa juu ya pipa la taka kama jaji kazini. Nilisifu mpaka mate yakanikauka. Wifi, ambaye tangu niolewe sijamsifia hata chai, akalengwa na machozi. Akaniambia kumbe wewe ni mtu mzuri. Akaenda zake bila kugeuza shingo.

Nilisimama mpaka giza lilipoziba kioo. Mgongo si wangu tena. Namshukuru paka yule, popote alipo.

Jumapili, 9 Machi

Mwavuli hauwezi kuishi pale. Nikamwambia Mama asubuhi, akiwa anamwogesha Meneja. Nilimwambia yote: lori, simu, dirisha, chungu kimoja.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliendelea kumsugua mtoto nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Akauliza kama kweli miguu yote miwili ilikuwa juu. Nikasema yote. Na mtandio? Nikasema umepaa. Akamimina maji.

Halafu akasema: "Mwanangu, ungeniita pale pale ningekupungia mkono. Lakini wewe umenichungulia."

Neno lile likaingia kama mwiba wa samaki. Akaniambia walipokuwa wadogo kaka zake walipewa baiskeli, yeye akapewa ndoo. Kule kiteremkoni, akasema, si mama wa mtu, si bibi wa mtu, si mgonjwa wa mtu. Mimi niliyekuwa natafuta jina langu, nimemwibia mwenzangu giza lake.

Nikaomba radhi. Akasema picha ishuke leo. Nikaanza kusema kwamba pengine, kwa kuwa ni mwezi mmoja tu... Akanitazama. Nikameza.

Tukaenda pamoja. Nikamwambia Bwana Picha nilidanganya, ingawa kwa bahati mbaya nilisema kweli. Alipanda ngazi mwenyewe akaishusha, akamwomba Mama msamaha kama kosa ni lake, akamkabidhi ikiwa imezungushiwa gazeti. Mimi alinifungulia tu mlango, mapema kidogo.

Wifi ameshinda. Paka! Jina la wifi kwa wino wa dhahabu. Amenikumbatia, anasema ni baraka zangu.

Jumatatu, 10 Machi

Jana jioni Mama akamchukua Meneja mgongoni mwangu, akaniamuru nikalale, yeye atamzungusha. Nimelala mpaka jua limenipiga usoni. Niliamka nikidhani nimekufa. Mtu gani humtendea hivyo aliyemchungulia? Sina cha kumlipa, nashukuru mpaka kwenye nyayo.

Picha ameiweka chini ya godoro. Huitoa, huitazama, hucheka peke yake. (Tundu la kitasa chake ni kubwa.)

Jumatano, 12 Machi

Nimeapa: kwanza ruhusa, picha baadaye. Na nimetimiza! Nimemwomba mwenye duka la dawa. Akakubali, akaenda kuvaa koti, akasimama kama wa kitambulisho. Nimemwomba fundi viatu. Akaita mke, watoto na jirani. Ruhusa inaua picha, lakini kiapo ni kiapo.

Leo Mama ameniambia, kama napenda, nipite kiteremkoni nitazame. Nitazame tu, mikono mitupu. Heshima gani hii! Nikakaa juu ya jiwe, waziwazi, chini ya taa. Fundi baiskeli akashika kiti, akakimbia naye, akaachia. Mama hakuanguka! Akashuka, akakata kona chini kabisa, akapanda tena mwenyewe, anakanyaga, anapiga kelele: "Ameniachia! Jamani, ameniachia!" Fundi analia. Mimi nalia. Meneja amelala fofofo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mikono ilikuwa mitupu. Simu ilikuwa ndani ya kofia ya Meneja.

Moja tu! Imetoka kwa nyuma, uso nusu. Ni nzuri kuliko ile!

Lakini mimi si yule wa wiki iliyopita. Lazima nimwombe Mama ruhusa, tena usiku huu huu. Nitapiga magoti kando ya kitanda chake, nitamnong'oneza sikioni kwa adabu zote. Nasubiri tu aanze kukoroma. Asipokataa, amekubali.